Nani Atalipia Mafunzo Yako ya Kuongoza Ndege Ulaya?

Ziko kazi Ulaya ambazo kijana wa miaka 19 mwenye cheti cha sekondari anaweza kuzianza huku akilipwa tangu wiki ya kwanza ya masomo. Kuongoza ndege ni mojawapo. Ajabu ni kwamba kazi hiyohiyo, kwa leseni hiyohiyo, kijana mwenzake wa nchi nyingine ya bara lilelile ataikopea makumi ya maelfu ya euro kabla hajamsikia rubani hata mmoja kwenye redio. Masomo yao yanafanana. Anayelipa bili ndiye tofauti.

Mwongozo huu ni kwa wasomaji wa Kiswahili wenye haki ya kuishi na kufanya kazi Ulaya: vijana waliokulia Rotterdam, Malmö, Leicester au Köln, na wazazi wao. Kama uko Mombasa au Dodoma na huna haki hiyo, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho kabla hujamtumia mtu yeyote hela.

Fedha zinatoka wapi

Ukielewa jambo hili, mengine yote yatakuwa mepesi. Kila ndege kubwa inayopita katika anga ya nchi ya Ulaya hutozwa ada ya njia. Bili hutayarishwa na ofisi moja ya EUROCONTROL, taasisi ya nchi za Ulaya yenye makao yake Brussels, kisha fedha hugawiwa nchi zilizopitiwa. Hesabu yake ni hii: chukua kilomita zilizorukwa katika anga ya nchi hiyo, gawanya kwa 100. Chukua uzito wa juu wa kurukia wa ndege kwa tani, gawanya kwa 50, tafuta kipeuo cha pili. Zidisha majibu hayo mawili, kisha zidisha kwa kiwango cha nchi husika. Ndege ya tani 200 iliyokata kilomita 500 inatoa 5 mara 2, yaani vipimo 10. Kiwango kikiwa euro 60, kwa mfano, bili ni euro 600. Ndege ya usiku kutoka Nairobi kwenda Amsterdam hulipa bili kama hizo nchi baada ya nchi, na abiria huzilipa ndani ya tiketi yake bila kujua.

Sasa, kiwango cha kila nchi hukokotolewa kutokana na gharama za shirika lake la kuongoza ndege: mishahara, rada, majengo, na mafunzo ya wanafunzi. Katika Umoja wa Ulaya gharama hizo hupangwa kwa vipindi chini ya kanuni ya 2019/317, na kipindi cha sasa ni cha 2025 hadi 2029. Shirika likiweka wanafunzi katika bajeti ya kipindi, fedha za kuwasomesha zipo. Ndiyo maana unapoambiwa kwamba shirika "linakusomesha bure", usijione umepewa sadaka. Mafunzo yako yamo katika bei ya huduma wanayoiuza.

Sababu ya pili ni ya kikazi. Leseni ya kuongoza ndege haifanyi kazi kila mahali kama leseni ya gari. Imefungwa kwenye kituo maalumu, hata sehemu maalumu za anga ya kituo hicho, na mafunzo ya kazini hayawezi kufanyika popote isipokuwa kituoni hapo. Mwajiri anamtengeneza mtu wake mwenyewe, kwa hiyo inampasa kumgharamia. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba ukishatengenezwa kwa ajili ya kituo kimoja, huwezi kuichukua leseni kesho ukaanza kazi nchi jirani bila kufundishwa upya huko. Hapo ndipo masharti ya mkataba yanapoanza kuuma, na tutayafikia.

Jambo moja zaidi kuhusu sheria: kanuni ya Ulaya inayosimamia leseni hizi, 2015/340, inasema umri wa chini wa leseni ya mwanafunzi ni miaka 18, inataja vipimo vya afya, lugha na mitihani. Kuhusu malipo yako haisemi neno. Malipo yameachwa kwa kila nchi na kila shirika.

Hatua za mafunzo, na malipo ya kila hatua

1. *Mafunzo ya awali.* Darasani na kwenye mashine za kuigiza safari. Kuna sehemu ya msingi, kisha sehemu ya aina ya kazi: mnara wa uwanja, ndege zinazokaribia uwanja, au anga ya masafa. Hapa ndipo malipo huwa madogo kuliko hatua zote. Mashirika mengi huyaita posho.

2. *Leseni ya mwanafunzi.* Unaipata ukimaliza hatua ya kwanza, pamoja na hati ya afya ya daraja la 3 na Kiingereza cha angalau kiwango cha 4 kati ya 6. Leseni hii haikuruhusu kuongoza ndege peke yako.

3. *Mafunzo ya kituoni.* Unaongoza ndege halisi, mwalimu akiwa ubavuni. Kwa kawaida malipo hupanda hapa, maana umeanza kufanya kazi za zamu.

4. *Leseni kamili.* Malipo huruka. Tofauti kati ya hatua ya kwanza na hii ni kubwa mno, na matangazo ya kazi hupenda kuonyesha hii ya nne kwa herufi nene na ile ya kwanza kwa herufi za sisimizi.

Kutoka hatua ya 1 hadi ya 4 tegemea miaka miwili hadi mitatu, wakati mwingine zaidi. Bajeti yako iandikie hatua ya kwanza. Mshahara wa hatua ya nne waachie waliofika.

Nchi na njia zake

*Ujerumani.* Shirika ni DFS, na chuo chake kiko Langen, karibu na Frankfurt. Linataka Abitur au cheti kinacholingana nayo, Kijerumani fasaha na Kiingereza kizuri, na lina ukomo mkali wa umri, miaka ya ishirini na kitu ya mwanzoni, kwa hiyo anayesema "nitamaliza digrii kwanza" huenda akakuta mlango umefungwa. Usaili hufanyika Hamburg katika taasisi ya utafiti wa anga ya DLR. Mwanafunzi analipwa posho tangu chuoni na hatoi ada. Wazazi walioko Ujerumani wazingatie hili: Kindergeld, yaani posho ya serikali kwa watoto, inaweza kuendelea hadi mtoto atimize miaka 25 akiwa katika mafunzo yake ya kwanza ya kazi, na tangu 2012 kipato cha mtoto hakihesabiwi katika mafunzo hayo ya kwanza. Wapelekeeni Familienkasse, ofisi inayoilipa, mkataba wa mafunzo na muulize, msingoje barua yao.

*Maastricht.* Hiki ni kituo cha EUROCONTROL chenyewe, MUAC, kando ya uwanja wa ndege wa Maastricht Aachen. Kinaongoza ndege za juu ya futi 24,500 katika anga ya Ubelgiji, Uholanzi, Luxemburg na kaskazini-magharibi mwa Ujerumani. Kwa mtoto wa familia iliyohamahama, aliyesoma nusu Burundi nusu Ubelgiji, kina faida moja kubwa: kazi yote ni kwa Kiingereza. Wanafunzi hulipwa. Mishahara ya EUROCONTROL hukatwa kodi ya ndani ya taasisi badala ya kodi ya mapato ya nchi, kwa hiyo usilinganishe tarakimu yake na ya shirika la kitaifa kabla hujaziweka zote mbili katika hesabu ya kinachoingia mkononi. Uraia unaangaliwa, na umri pia.

*Ufaransa.* Njia hii ni ya aina yake. Waongoza ndege ni watumishi wa serikali wenye cheo cha uhandisi, na husomea ENAC, chuo kilichoanzishwa 1949 na kuhamia Toulouse 1968. Njia kuu ya kuingia ni mtihani wa ushindani baada ya miaka miwili ya madarasa magumu ya hisabati na fizikia. Ukiingia, unalipwa kama mtumishi mwanafunzi, na kwa malipo hayo unaahidi kuitumikia serikali kwa miaka kadhaa. Uwe raia wa Ufaransa au wa nchi za Umoja wa Ulaya na washirika wake. Kwa maoni yangu huu ndio mfumo wenye usalama mkubwa kuliko yote kwa mwanafunzi, na ndio unaodai maandalizi marefu kuliko yote: mtoto anayeutaka aanze kufikiria hisabati akiwa kidato cha nne.

*Uingereza.* Shirika la huko, NATS, huajiri na kulipa mshahara wakati wa mafunzo, na haidai digrii. Ufaulu wa GCSE ikiwemo hisabati na Kiingereza, au cheti kinacholingana, unatosha kuomba. Haki ya kufanya kazi nchini lazima uwe nayo tayari. Kumbuka kwamba tangu mwisho wa 2020 Uingereza iko nje ya mfumo wa leseni wa Ulaya, kwa hiyo leseni ya huko haitambuliwi moja kwa moja Madrid wala Brussels.

*Uswisi, Ubelgiji, Uholanzi, Austria.* skyguide, skeyes, LVNL na Austro Control huajiri wanafunzi wao na kuwalipa. Lugha za nchi zinahitajika kwa viwango tofauti. LVNL, kwa mfano, inataka Kiholanzi.

*Nchi za Kaskazini.* Chuo kikubwa ni Entry Point North, kwenye uwanja wa ndege wa Malmö. Mara nyingi mashirika huchagua watu wao na kuwapeleka pale, kwa hiyo liombe shirika la nchi yako, na mkataba wake ndio utakaokueleza kama unalipwa au unaishi kwa mkopo wa masomo.

*Hispania.* Hapa tahadhari. Baada ya sheria ya 2010 iliyobadilisha mfumo mzima wa kazi hii, na baada ya mgogoro wa Desemba mwaka huo ambapo anga ya Hispania ilifungwa na serikali ikatangaza hali ya hatari, njia ya kawaida imekuwa kijana kujilipia mafunzo ya awali katika shule kama SENASA ya Madrid au FTEJerez, kisha kushindania nafasi za shirika la kitaifa, ENAIRE, au za kampuni binafsi za minara kama Skyway na Saerco. Ada ni makumi ya maelfu ya euro. Nafasi haina uhakika.

Fuata utaratibu huu

1. Pima macho kabla ya kupima ndoto. Kanuni za hati ya daraja la 3 zinataka mtu anayeona rangi kikamilifu. Kipimo cha rangi kwa mtaalamu wa miwani ni cha bei nafuu na huchukua dakika chache. Fanya hiki kwanza. Uchunguzi kamili wa mara ya kwanza hufanywa na kituo cha tiba ya anga kilichoidhinishwa, na mashirika mengi huulipia kwa waliofaulu usaili, kwa hiyo usikimbilie kuulipa wewe.

2. Thibitisha haki yako ya kazi. Andika kwenye karatasi: uraia wako, aina ya kibali chako, tarehe kinapoisha. Mashirika mengine yanataka uraia, mengine yanaridhika na kibali cha kudumu. Tuma swali kwa barua pepe, na jibu lihifadhi.

3. Orodhesha mashirika yanayolipa, kwa mpangilio wa umri. Linalofunga mlango mapema liombe kwanza. Kijana wa miaka 22 hana muda wa kujaribu moja kila mwaka.

4. Jiandae kwa FEAST. Huu ni mtihani wa kuchuja uliotengenezwa na EUROCONTROL, unatumiwa na mashirika mengi ya Ulaya. Sehemu ya kwanza hupima kumbukumbu, umakini, uwezo wa kujifunza na Kiingereza. Ya pili hukutwisha kazi kadhaa kwa pamoja, kama kuongoza ndege za kuigiza. Ya tatu ni maswali ya hulka. Mwaliko hutoka kwa shirika ulikoomba. Hakuna kibanda kinachouza nafasi ya FEAST. Baadhi ya mashirika hukuruhusu kujaribu usaili wao mara moja tu maishani, kwa hiyo usiende "kuonja".

5. Ukipata ofa, omba mkataba kamili na viambatisho vyake kabla ya kuacha kazi, kuacha chuo au kulipa amana ya nyumba.

6. Usome na mtu wa tatu. Bora awe ofisa wa chama cha wafanyakazi wa shirika lenyewe. Vyama vya waongoza ndege Ulaya vina nguvu, na mwanachama mtarajiwa hupokewa vizuri.

7. Weka akiba ya miezi mitatu ya kodi ya nyumba na chakula. Posho ya kwanza huchelewa, na maeneo ya karibu na Frankfurt, Zürich au Amsterdam hayana nyumba za bei poa.

---
KISANDUKU: Maswali kumi na moja ya kumuuliza mwajiri

☐ Malipo ya kila hatua ni kiasi gani kabla ya makato, na hubaki kiasi gani mkononi?
☐ Nalipwa kwa miezi 12 au 13?
☐ Posho hii inakatiwa pensheni na bima ya afya?
☐ Malazi wakati wa chuo ni juu ya nani?
☐ Nani huchagua kituo nitakachopangiwa, na lini nitakijua?
☐ Kuna fedha za kuhamia kituoni?
☐ Nikifeli mtihani mmoja, narudia mara ngapi, na malipo yanaendelea?
☐ Nikifeli moja kwa moja, nadaiwa?
☐ Nikiugua au nikipata ujauzito mafunzo yakiendelea, inakuwaje?
☐ Nikikosa hati ya afya baadaye, kuna bima ya kupoteza leseni?
☐ Nikiondoka baada ya leseni, narudisha nini, kwa muda gani?
---

Swali la kufeli ndilo watu huona aibu kuuliza, wakidhani mwajiri atawaona hawajiamini. Uliza. Sehemu kubwa ya wanaoanza hawafiki mwisho katika kazi hii, wala si kwa uvivu. Wapo wanaofaulu kila kitu darasani wakakwama kituoni, mbele ya ndege za kweli. Shirika lenye heshima lina jibu lililoandikwa.

Sharti la kurudisha gharama

Mikataba mingi ina kifungu kinachosema: tumekusomesha, kwa hiyo ukiondoka kabla ya muda fulani utarudisha gharama. Kifungu chenyewe si uovu. Angalia mambo manne.

Kwanza, kiasi kiandikwe kwa tarakimu. Neno "gharama zote za mafunzo" bila tarakimu ni hundi iliyo wazi.

Pili, deni lipungue kila mwezi. Tuseme ni euro 36,000 kwa miezi 36. Kila mwezi ukitumika linapungua euro 1,000. Ukiondoka baada ya miezi 20, unadaiwa 16,000. Kama mkataba unasema deni linabaki lilelile hadi mwezi wa mwisho, ukiondoka mwezi wa 35 unadaiwa zote 36,000. Tofauti hii ni sentensi moja kwenye karatasi.

Tatu, saa ianze kuhesabu lini? Kuanzia siku ya kuingia chuoni, au kuanzia siku ya leseni kamili? Kati ya siku hizo mbili kuna miaka miwili au mitatu ya ujana wako.

Nne, kuondoka kwa hiari na kuondolewa ni vitu viwili. Anayefeli, anayeugua, na anayeachishwa kwa sababu safari zimepungua hawapaswi kubebeshwa deni sawa na anayehamia kwa mwajiri mwingine. Jambo hili si la kufikirika: mwaka 2020, korona ilipozisimamisha ndege, yapo mashirika ya Ulaya yaliyosimamisha madarasa na hata kukatisha mikataba ya wanafunzi.

Utasikia watu wakisema kwamba sheria ya Ulaya imepiga marufuku vifungu hivi. Wanazungumzia agizo la 2019/1152, ambalo nchi wanachama zilitakiwa kuliingiza katika sheria zao ifikapo Agosti 1, 2022. Kifungu chake cha 13 kinasema mafunzo ambayo sheria inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi wake yawe bure na yahesabiwe kama saa za kazi. Lakini utangulizi wa agizo hilohilo unayaweka kando mafunzo ya kupata sifa ya kitaaluma, pale mwajiri asipolazimishwa na sheria kuyatoa. Kama mafunzo yako yanaangukia upande huu au ule ni suala la sheria ya nchi na la hatua uliyofikia. Usisaini ukitegemea kwamba mahakama itakuokoa.

Ukiamua kujilipia

Msimamo wangu: jaribu kwanza kila shirika linalolipa ambalo lugha, umri na uraia vinakuruhusu. Kujilipia kuje baada ya hapo, na kwa hesabu kamili. Shule itakupa bei ya kozi. Bei ya kozi ni sehemu tu.

Mfano, kwa tarakimu za kufanyia hesabu:

- Ada ya kozi: euro 40,000
- Kuishi miezi 12 ya kozi, euro 1,100 kwa mwezi: 13,200
- Kusubiri ajira miezi 8 kwa gharama ileile: 8,800
- Jumla: euro 62,000, kabla ya riba

Mstari wa tatu ndio unaosahaulika, na una mtego wa kisheria. Chini ya kanuni ya 2015/340, mwenye leseni ya mwanafunzi asiyeanza kuitumia ndani ya mwaka mmoja tangu itolewe hawezi kuanza mafunzo ya kituoni katika aina hiyo ya kazi mpaka apimwe upya kama ujuzi wake bado upo. Akionekana amepungukiwa, atahitaji mafunzo ya ziada. Fikiria wewe ni mwajiri mwenye waombaji wawili, mmoja ametoka shuleni juzi, mwingine leseni yake ina miezi kumi na minane. Utamchukua nani?

Kuhusu mikopo: Sweden kuna CSN, Norway Lånekassen, Uholanzi DUO, Ujerumani BAföG. Usidhani kozi yako imo kwa sababu tu shule ni ya kuheshimika. Waandikie ukitaja jina kamili la kozi na la shule, na ungoje jibu la maandishi. Mkopo wa benki unaodai nyumba ya wazazi iwe dhamana, kwa kozi isiyo na ahadi ya ajira, mimi nisingeusaini. Na mzazi asiyesoma lugha ya mkataba ule asiusaini kabisa mpaka atafsiriwe na mtu asiyepata kamisheni kwa shule.

Kabla ya kulipa hata amana:

1. Tafuta jina la shule katika orodha ya mashirika ya mafunzo yaliyoidhinishwa na mamlaka ya anga ya nchi hiyo.
2. Hakikisha idhini yao inahusu aina ya kazi unayoitaka. Shule yenye idhini ya mnara huenda haina ya anga ya masafa.
3. Omba waandike wahitimu wangapi wa miaka miwili iliyopita wamefika leseni *kamili*. Wakikujibu kwa idadi ya leseni za wanafunzi, hawajakujibu.
4. Lipa kwa awamu, na sharti la kurejeshewa fedha liwe kwenye mkataba.

Makosa yanayojirudia

*Kulinganisha posho bila malazi.* Posho ndogo yenye chumba cha bure inaweza kuipita kubwa isiyo nacho.

*Kuhesabu marupurupu ya usiku mapema.* Mwanafunzi wa darasani hafanyi zamu, kwa hiyo hayapati.

*Kusahau usafiri.* Zamu za alfajiri huanza kabla ya treni ya kwanza. Ukifika hatua ya kituoni huenda ukahitaji gari, na bima ya gari kwa dereva mpya wa miaka 20 ni mzigo.

*Kuacha pengo kwenye historia.* Ukaguzi wa usalama wa anga huangalia walau miaka mitano iliyopita: ulikaa wapi, ulifanya nini, una rekodi gani ya jinai katika kila nchi uliyoishi. Kama katika muda huo ulikaa Tanzania, Kenya au Kongo, utahitaji cheti cha mwenendo mwema cha huko. Kiombe mapema, maana kinachowakwamisha watu wetu mara nyingi ni karatasi hii, wakati mtihani walishaushinda.

*Kupeleka cheti cha NECTA au KNEC bila ulinganisho.* Uingereza nenda UK ENIC, Ujerumani nenda kwa ZAB, upate hati inayosema cheti chako kinalingana na nini.

*Kuchanganya EASA mbili.* Ile ya Köln ni wakala wa usalama wa anga wa Umoja wa Ulaya. Ile ya Embakasi, Nairobi, ni shule ya anga ya Afrika Mashariki. Matapeli wanajua herufi zinafanana.

Kwa aliyeko nyumbani

Mashirika ya Ulaya yanayolipa wanafunzi hayatafuti vijana wasio na haki ya kufanya kazi huko, wala hayatumii mawakala wa WhatsApp. Anayekuomba ada ya "kusajiliwa FEAST" au ya "visa ya mwanafunzi wa kuongoza ndege" anakuibia. Hata kozi halali ya kujilipia Ulaya haikupi haki ya kuajiriwa huko, na leseni utakayorudi nayo haitumiki Dar es Salaam mpaka mamlaka ya nchi ikubali na ufundishwe kituoni upya.

Njia yako iko karibu zaidi. Tanzania, kazi hii hufundishwa katika Chuo cha Usafiri wa Anga, CATC, Dar es Salaam, kilicho chini ya mamlaka ya anga ya nchi, TCAA. Kenya, ni ile EASA ya Embakasi iliyo chini ya mamlaka ya huko, KCAA. Swali la kwanza kuwauliza ni lilelile la Langen na Madrid: mnasomesha mliowaajiri, au mnasomesha anayelipa? Pata jibu kwa maandishi, ndipo utoe hela.